Bomba la Moshi la Gari la Umeme

11 Januari

Mpwa wangu Maswali,

Hapa hatujambo. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anauliza kama bado unakula ukiwa umesimama. Najua una simu, na mimi ninayo. Lakini simu ni ya kuulizia bei ya spea. Jambo la kufikiri linataka barua, na hili nimelifikiri wiki mbili nzima.

Mwishoni mwa Desemba muuza spea alinifungia bolti kwenye kipande cha gazeti. Nilipokifungua nikazisahau bolti. Gazeti lilisema serikali inatayarisha muswada wa nafuu ya kodi kwa magari ya umeme, kwamba mwenye kununua gari la namna hiyo atapunguziwa kodi yake ya mapato ya mwaka huo. Mistari iliyofuata ilikuwa imechanika, na ndiyo niliyoihitaji. Je, ni magari mapya tu, au na haya ninayobadilisha mimi, yanayoingia karakana yakinguruma na kutoka yamenyamaza?

Nakwambia ukweli ambao mama yako asiusikie kwanza. Mwezi wa kumi na moja niliuza ile mashine ya kuchongea silinda, ile uliyokatazwa kuigusa ukaigusa. Nikanunua betri na mota. Mkaza mjomba wako alisema usiache mbachao kwa msala upitao, nami nikamjibu kwamba msala huu haupiti, umekuja kukaa. Nimeshabadilisha gari moja, la mkunga anayezunguka kuzalisha wanawake majumbani. Liko chini ya banda na linakwenda vizuri kabisa. Ila kulilipia bila nafuu hiyo hawezi, na mimi kumpa bure siwezi. Wako wengine saba wanaosema hivyohivyo: sheria ikipita, wataleta magari yao. Isipopita, mimi sina ufundi wa zamani wala wa sasa. Nitafunga karakana niende kukaa kwa mwanangu, nimhesabie mbao za dari.

Wewe uko hukohuko zinakotungwa sheria. Ulipokuwa mdogo uliuliza mpaka jina lako likapotea, tukakuita Maswali. Sasa ni zamu yangu, na kuuliza si ujinga. Sheria inazaliwaje? Inapita mikononi mwa nani, na inaweza kufia wapi?

Mjomba wako,
Fundi


24 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie mkaza mjomba kwamba nimeacha kula nikiwa nimesimama. Siku hizi nakula huku naandika.

Kabla ya yote ujue kwamba niliapa. Sisi waandishi wa sheria huapa kuwa rasimu iliyo mezani haitoki mezani mpaka itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Hata simu tunaziacha kwenye sanduku mlangoni. Kwa hiyo usiniulize kama muswada wako uko kwangu, na mimi sitakuambia kama hauko.

Njia yake lakini si siri. Wizara hutuletea wazo, mara nyingi ni ukurasa mmoja wenye maneno makubwa makubwa. Sisi tuko wanne katika chumba chenye dirisha moja na kamusi isiyo na jalada, na tunaligeuza wazo hilo kuwa vifungu. Muswada ukishachapishwa unasomwa bungeni mara ya kwanza, kisha unapelekwa kwenye kamati, ambako hata mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kusema. Unarudi kusomwa mara ya pili na wabunge wanajadili. Baadaye wanaupitia kifungu kwa kifungu, na hapo ndipo maneno hubadilishwa. Halafu mara ya tatu, halafu saini ya mkuu wa nchi. Unaweza kufia popote, hata kwenye droo ya mtu aliyekwenda likizo.

Nami nina swali, ni udadisi tu. Tuseme mtu ambaye si fundi, karani wa kodi mwenye viatu safi, anataka kujua kama gari ni la umeme kweli bila kufungua boneti. Atazame nini?

Usiulize kwa nini nauliza.

Maswali


6 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Siulizi.

Mwambie huyo karani achuchumae nyuma ya gari, na viatu vyake hivyo safi. Atafute bomba la moshi. Likiwepo, gari linachoma mafuta. Lisipokuwepo, ni la umeme. Asiyekula haendi chooni. Hana haja ya chombo chochote, na hakuna tapeli atakayemzunguka, maana gari la mafuta ukiling'oa bomba litapiga kelele mpaka mtaa wa tatu wajue una ujanja.

Hili la kusoma mara tatu limeninyima raha. Wanasoma kweli? Watu wazima wale, kurasa zote, mara tatu? Mimi kitabu cha maelekezo ya mota nimekisoma mara tatu, lakini ni kwa sababu mara mbili za kwanza sikuelewa kitu. Na wanapoitikia "ndiyo" na "siyo" kwa sauti, nani anapima wingi? Aliyekohoa anahesabiwa upande gani?

Mkunga anapita hapa kila Ijumaa kulitazama gari lake. Analipangusa vumbi, anakaa kwenye kiti cha dereva, anashika usukani bila kwenda popote. Kisha ananiuliza, "Mpwa wako amesemaje?" Namwambia mpwa wangu ameapa. Juzi akanijibu kwamba yeye naye aliapa, lakini akiulizwa kama mtoto ni wa kike au wa kiume huwa anasema.

Mjomba wako,
Fundi


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huyo mkunga wako nimempenda bure.

Hawasomi. Karani wa bunge anasimama na kusoma jina la muswada peke yake, anakaa, na kila mtu anafanya kana kwamba amesikia kurasa zote. Mara ya kwanza nilipoona nilitaka kucheka. Spika ndiye anayepima sauti kwa masikio yake. Aliyekohoa, nadhani, ni wa upande wa daktari.

Kazi yetu inakwenda polepole kuliko unavyofikiri. Sentensi ikitoka kwangu inapita mezani kwa wenzangu watatu, na kila mmoja anaitoa neno moja ili aonekane amefanya kazi. Wiki iliyopita lakini, katika muswada ambao siutaji, iko sentensi moja iliyopita kwa wote bila kupoteza hata herufi. Mkuu wa kitengo akasema ndiyo pekee ambayo mama yake angeielewa. Nilikwenda nyumbani kwa miguu siku hiyo kwa furaha, nikasahau kabisa kwamba kuna basi.

Siku nikiweza kukuambia ni sentensi gani, nitakuambia.

Maswali


19 Aprili

Mpwa wangu,

Nisamehe kwa kimya. Kazi zilinizidi kidogo. Mwandiko usiushangae, nina miwani mipya na bado hatujazoeana.

Mkaza mjomba wako hajambo. Mkunga hajambo. Muswada umefika wapi?

Fundi


28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Umetangazwa! Leo siko chini ya kiapo, na kwenye bahasha hii nimekuwekea nakala yako mwenyewe. Umeshasomwa mara ya kwanza na umepelekwa kwenye Kamati ya Fedha.

Fungua ukurasa wa kwanza, kifungu cha pili, penye tafsiri ya maneno. Nakuandikia hapa kwa sababu ya hiyo miwani yako: "Gari la umeme maana yake ni gari linaloendeshwa kwa mota ya umeme peke yake, liwe jipya au lililobadilishwa, na lisilokuwa na bomba la moshi."

Lililobadilishwa limo, Mjomba. Nililitetea siku nne. Na huo mwisho wake ndiyo ile sentensi niliyokuambia. Ni yako. Uliiandika karakana kwako na imeingia kwenye sheria ya nchi jinsi ilivyo, ila kile cha chooni nilikiacha nje. Nilitamani kukuambia tangu Februari, nikajifunga mdomo mpaka nikahisi utachanika.

Mwambie mkunga, na wale saba pia.

Ila hiyo miwani inakufanya uandike kama mtoto wa darasa la kwanza. Irudishe dukani.

Maswali


9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimekisoma kifungu cha pili. Nikatoka nje nikatembea mpaka mwisho wa mtaa, nikarudi, nikakisoma tena. Sasa kaa chini.

Gari la mkunga lina bomba la moshi.

Betri za gari hili ziko nyuma, kwenye buti, na mota iko mbele. Nyaya zinazoleta umeme kutoka nyuma kwenda mbele ni nene kama kidole gumba, na hazina pa kupita ila chini ya gari. Mara ya kwanza nilizifunga kwa vibanio chini ya sakafu. Nikaliendesha siku tatu kwenye njia anazopita mkunga, njia za mawe matupu, na nilipolipandisha jeki nikakuta jiwe limekwangua gamba la waya. Lingebaki wiki moja zaidi, mama wa watu angekalia umeme. Nikalitazama lile bomba la zamani nililokuwa nimelitupa pembeni. Ni chuma kizito, linatoka mbele mpaka nyuma, na limekaa chini ya gari lile miaka kumi na tano likipigwa mawe bila kulalamika. Nikaliosha, nikalivika mpira kwa ndani, nikapitisha nyaya humo, nikalirudisha mahali pake. Toka siku hiyo hakuna jiwe linalonitia wasiwasi.

Hii ndiyo siri ya karakana yangu. Mafundi wa barabara ya pili huja kulala kwa tumbo wachungulie chini ya gari, wanaona bomba, wanacheka kwamba mzee amesahau kulitoa. Nami huwa nacheka pamoja nao.

Utaniuliza kwa nini nilikujibu vile. Wewe uliuliza habari ya magari ya umeme, nami nikakueleza magari ya umeme ya watu wengine. Langu sikulifikiria. Siri ukiitunza sana unaisahau hata wewe mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia na kamba nimeiacha juu.

Bomba kulitoa siwezi. Ndilo linalofanya gari liwe salama. Sasa niambie, neno likishachapishwa nani anaweza kulibadilisha? Ni wewe?

Mjomba wako


10 Mei

Binti yangu,

Mjomba wako hajui kwamba nakuandikia. Hana miwani mipya. Anaandika kwa mkono wa kushoto.

Mwezi wa tatu alikuwa anafunga betri, spana ikamponyoka ikaangukia vichwa viwili vya betri kwa pamoja. Niliona mwanga kutoka jikoni nikadhani ni radi. Mkono wa kulia uliungua kuanzia vidole mpaka kwenye kifundo. Daktari anasema vidole viwili havitakunjika tena. Mjomba wako amekataza mtu yeyote asijue, anasema wateja watakimbia. Akienda dukani anavaa glavu, joto lote hili.

Nami nilinyamaza, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Nilitaka mtu mmoja wa damu yake ajue. Usimwambie kwamba nimekuambia, maana hasira zake unazijua, ananuna kwa kufagia.

Mkaza mjomba wako


17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikacheka, kisha nikaona aibu, kisha nikaenda kwa mkuu wa kitengo.

Siwezi kubadilisha hata nukta. Muswada ukishaingia bungeni ni mali ya wabunge, na mbunge peke yake ndiye anayeweza kuleta marekebisho. Lakini mimi nilikuwa na jambo la kukiri. Nilimwambia mkuu kwamba ile sentensi aliyoisifu ilitoka kwa mjomba wangu, na kwamba mjomba wangu anaishi kwa magari hayo. Akasema sikufanya ubaya kuuliza, nilifanya ubaya kutosema niliuliza wapi. Ameniondoa kwenye muswada huu. Sasa ninaandika kanuni za mizani za madukani, na nimejua mambo ya kilo ambayo sikutaka kuyajua.

Njia iliyobaki ni moja. Tarehe 12 Juni kamati inapokea maoni ya wananchi. Yeyote anaweza kuja kusema. Ukiwaeleza kwa nini bomba lipo, mwenyekiti mwenyewe anaweza kupendekeza maneno mengine. Ila waandishi wa habari watakuwepo, na kila kitu huandikwa kwenye kumbukumbu. Mafundi wa barabara ya pili watajua kabla hujafika nyumbani. Uamuzi ni wako.

Nitakuwa nimekaa juu, kwenye viti vya wageni, si kwa kazi bali kama mpwa wako.

Jiangalie afya yako, Mjomba.

Maswali


14 Juni

Mjomba,

Sikusalimii kwanza. Uliondoka na basi la saa nane bila kuniaga, na nimekaa siku mbili nikitafuta maneno ya adabu. Sijayapata.

Ulikuwa umeshashinda. Walinzi walikuzuia mlangoni kwa ajili ya lile bomba kwenye gunia, na ukawaeleza mpaka wakakusaidia kulibeba. Uliwaambia wabunge habari ya mawe. Mwenyekiti alivua koti akapiga magoti chini achungulie nyaya ndani ya bomba, na mwenzake akamshikia miwani. Nilimwona akimnong'oneza karani: ondoa bomba, weka tangi na injini. Kwamba gari la umeme ni lile lisilo na tangi la mafuta wala injini ya kuyachoma. Hicho tu ndicho ulichokuwa umekifuata.

Kisha yule mbunge mama wa kiti cha mwisho akakuuliza, kwa upole tu, "Mzee, kazi hii aweza kuifanya fundi yeyote mwenye spana?"

Ungesema ndiyo. Ungesema inategemea. Ungekohoa. Wewe ukavua glavu, ukaweka mkono wako juu ya meza mbele ya watu wote, ukasema, "Hapana. Mimi nilikuwa fundi yeyote mwenye spana." Akakuuliza ni nani basi afanye. Ukasema aliyefundishwa na kupimwa, mwenye cheti cha umeme wa magari. Akakuuliza kama unacho.

"Sina."

Sasa wameandika "lililobadilishwa na fundi mwenye cheti." Niliona karani akiandika. Bomba lako limeingia kwenye sheria na wewe umetoka. Nani angejua, Mjomba? Mkono ulikuwa umefichwa miezi mitatu, si ungeuficha dakika moja zaidi? Nina hasira nawe, na huko juu nililia mpaka mgeni wa kiti cha pili akanipa kitambaa chake, na sijui nitamrudishia wapi.

Maswali


25 Juni

Mpwa wangu,

Una haki ya kukasirika, na mkaza mjomba wako amekusaidia. Karakana nzima imefagiwa mara mbili, na zamu hii si mimi niliyefagia. Pia nimegundua kwenye barua yako kwamba hukushtuka ulipouona mkono. Nimemtazama mkaza mjomba wako na akatazama pembeni. Basi, yameisha.

Umeniuliza kwa nini. Katika wale saba yuko mmoja ambaye hakutaka kungoja foleni yangu. Alisema shemeji yake anatengeneza redio, naye umeme anaujua, sheria ikipita atampa gari lake. Nilimcheka. Nilipokaa mbele ya yule mama wa kiti cha mwisho nikamwona huyo shemeji wa redio ameinama juu ya betri, na spana mkononi. Na si yeye peke yake. Nafuu ya kodi ni sukari, mpwa wangu, na sukari huita wengi. Mimi nilibahatika kupoteza vidole viwili tu.

Nilikuwa najua nikisema nitajifungia nje. Nilihesabu mpaka tatu kabla ya kuvua glavu. Sikukuaga kwa sababu niliogopa utanifanya nijute.

Sijajuta, ila nimeogopa sana. Nina miaka sitini na moja na sina mashine ya silinda. Hicho cheti kinatolewa wapi?

Mjomba wako


30 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Hasira zimekwisha, imebaki fahari ya kuwa mpwa wako. Kule kazini sasa wananiita mpwa wa bomba.

Muswada umepita. Mara ya pili walijadili siku mbili, mmoja alitaka nafuu itolewe kwa magari mapya tu, na mwenyekiti wa kamati akasimama akaeleza habari ya mawe kana kwamba ni yeye aliyeyakanyaga. Mara ya tatu karani alisoma jina, wakaitikia "ndiyo," na "siyo" zikawa chache hivi kwamba hata mimi ningezipima. Saini imetiwa juzi. Sheria inaanza kazi tarehe mosi Januari.

Gari likishabadilishwa na asiye na cheti halihesabiki. Nimeuliza mara mbili. La mkunga itabidi lifunguliwe na lifungwe upya na mwenye cheti, hata akiwa ni wewe.

Chuo kiko huku mjini, masomo ni wiki nane, mtihani ni Desemba. Fomu hii hapa, nimejaza jina na umri. Godoro nimeshatandika sebuleni.

Maswali


16 Oktoba

Mke wangu,

Nimefika salama. Mpwa wetu anakula amekaa, nimemwona kwa macho yangu.

Darasani tuko kumi na tisa. Siku ya kwanza walisimama nilipoingia, wakidhani mimi ndiye mkufunzi. Nami kwa kutojua nikawaambia kaeni. Mkufunzi mwenyewe alipokuja ni binti wa umri wa kitinda mimba wetu. Kwa mikono nawashinda wote, hata na hivi vidole vyangu. Kwenye kuandika wananiacha mbali. Kuna hesabu za umeme zenye herufi badala ya namba. Nilimuuliza binti huyo kwa nini, akanieleza vizuri, nikamuuliza tena, akanieleza tena. Usiku narudia peke yangu. Ni jambo zuri ajabu kujua kwa nini kitu kilikuunguza.

Mwambie mkunga asiache kulipangusa gari.

Mumeo


23 Desemba

Mpwa wangu,

Nimefeli. Naandika haraka kabla mkaza mjomba wako hajakuandikia.

Matokeo yamekuja kwa posta jana. Ya mikono nimekuwa wa kwanza kati ya kumi na tisa. Ya karatasi nimepungukiwa alama tatu. Mtihani wa kurudia ni mwezi wa tatu.

Leo asubuhi niliwaita mkunga na wale saba hapa karakana. Sikuwazungusha. Niliwaambia sheria inaanza Januari na mimi sianzi. Yuko fundi mwenye cheti mji wa jirani, nikawapa namba yake. Nikasema nitamfundisha njia ya bomba yeye na mwingine yeyote atakayeuliza, maana siri yenyewe imeshasomwa bungeni. Nikamwambia na mkunga kwamba kazi yangu yote nitaifungua mwenyewe, yule fundi aje aifunge upya, ili gari lake lihesabike mapema.

Wawili waliinuka wakanipa mkono na kwenda. Mmoja ni yule wa shemeji wa redio, na nilishukuru kwamba ameichukua namba. Wengine walikaa wakitazamana. Nikamwambia mkunga, "Wewe hasa nenda, mama. Watoto hawangoji mzee afaulu hesabu."

Akasema, "Kwa watoto nina pikipiki."

Nikamwambia pikipiki si kitu cha kukimbilia uzazi kwenye mvua. Akanikata. Akasema, "Fundi, nimeingia nyumba nyingi nikakuta watu wamemzunguka mzazi, na kila mara nauliza, nani hapa anajua kazi hii? Wote huwa wanajua. Miaka ishirini na mbili sijamsikia hata mmoja akisema hajui. Wewe umekwenda kusema mbele ya serikali nzima, na riziki yako iko mezani. Gari langu halitoki hapa mpaka Machi."

Wale watano wakasema nao watangoja. Hakuna aliyetoa hotuba. Mmoja aliuliza kama aniletee taa nzuri ya kusomea.

Nilikuwa nimejiandaa kukataliwa, mpwa wangu, hata maneno ya kuwaaga nilikuwa nayo. Kungojwa sikujiandaa nako. Ni kuzito zaidi. Walipoondoka nilikaa kwenye ngazi ya karakana nikalia, na mkaza mjomba wako akaja akakaa karibu yangu, ufagio ameuweka chini.

Yule binti mkufunzi amekubali kunifundisha kwa barua. Swali lake la kwanza limefika na bado sijalijibu. Nakuacha sasa, nikalijaribu kabla giza halijaingia.

Mjomba wako